Kanzu Inawaka, Uso Umepotea: Kutatua Kasoro za Mwanamume Mbele ya Kamera Mombasa

Wanaume wengi wa hapa Mombasa wakijiona kwenye video hutoa hukumu moja tu: "Mimi kamera hainipendi." Ustadhi aliyerekodi mawaidha ya Ramadhani husema hivyo. Bwana harusi husema hivyo. Kijana aliyehojiwa kazi kwa video, na mwongoza watalii wa Ngome ya Yesu anayetaka kuitangaza kazi yake, nao ni hivyo hivyo. Kisha huanza kununua: suti mpya, krimu, simu ya bei kubwa.

Nafanya kazi nyuma ya kamera, na picha ninazoletewa na malalamiko karibu zote zina uso usio na hatia. Kasoro iko katika nguo, mwanga, jasho, au mahali simu iliposimamishwa, na kila kisababishi huacha alama yake. Ukiisoma alama, dawa huwa rahisi na mara nyingi haina gharama.

Kabla ya yote, jirekodi dakika moja ukiwa umevaa nguo zile zile utakazovaa, mahali pale pale, saa ile ile ya siku. Itazame kwenye skrini kubwa kuliko ya simu, kisha tafuta hapa chini kasoro inayofanana na yako.

Nguo inawaka, uso umekuwa kivuli

Hili ndilo lalamiko la kwanza Pwani, na sababu yake kubwa ni kanzu nyeupe. Kamera iliyoachwa ijiendeshe haijui uso ni upi. Hupima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani, yaani kijivu cha kati kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kanzu nyeupe ikijaza nusu ya picha, kamera huona mwanga umezidi na kuupunguza. Kanzu hubaki inang'aa, lakini uso ambao hurudisha mwanga mchache huzama.

Hapa nataka kusema jambo kwa uzito. Wapo vijana wanaoamua kujichubua kwa sababu ya picha za namna hii. Ngozi nyeusi haina kasoro ya kutibiwa. Enzi za filamu, kampuni ya Kodak ilisambaza kadi za kupimia rangi zilizoitwa "Shirley", na kwa miongo mingi zilibeba picha ya mwanamke mzungu. Rangi zililinganishwa kwa ngozi yake, na watu weusi wakatoka wamefifia au wamefunikwa na giza. Filamu hazikuanza kurekebishwa kwa ajili yetu, bali baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao kulalamika kwamba rangi za kahawia hazionekani vizuri. Hata mwaka 2021, Google ilipotoa simu ya Pixel 6, iliona haja ya kutangaza kwamba kamera yake imefundishwa upya kuziona ngozi za watu weusi. Kwa hiyo mwenye deni ni chombo. Krimu za kujichubua zenye zebaki huharibu figo, na uso bado utazama vile vile ukiwa ndani ya kanzu nyeupe.

Rekebisha kwa mpangilio huu. Kwenye simu, gusa uso katika skrini na ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha telezesha alama ya jua kwenda juu hadi macho na mashavu yaonekane vizuri. Kanzu ikipoteza mikunjo michache, iache ipoteze, kwani mtazamaji amekuja kuuona uso. Hilo lisipotosha, geuka. Keti barazani au ndani karibu na mlango, uso ukielekea kwenye mwanga, simu ikiwa kati yako na mlango huo. Ukikaa hivyo, kanzu ile ile iliyokuponza inakuwa msaada: weupe wake hurudisha mwanga juu na kujaza vivuli vya chini ya kidevu na macho.

La tatu ni nguo yenyewe. Kanzu ya rangi ya maziwa, ya kijivu hafifu au ya udongo haigombani na kamera hata kidogo. Ukitaka nyeupe kwa sababu ni Idi au ni siku ya nikaha, vaa koti au joho juu yake, ili weupe ubaki ukanda wa kifuani. Angalia pia ufuaji: sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha inayogeuza mionzi ya jua isiyoonekana kuwa mwanga wa buluu, na ukiongeza buluu ya kufulia, kanzu juani hutoka na rangi ya samawati. Kanzu ya kurekodi isuuze vizuri na usiitie buluu.

Umevaa koti jeusi na uso bado ni giza? Basi nguo haimo. Tazama kilicho nyuma yako: ukuta uliopakwa chokaa, dirisha, au bahari. Pale Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari, wengi husimama asubuhi na maji nyuma yao, na hapo jua linachomoza mgongoni mwao. Mahali ni pazuri, saa ndiyo si sahihi. Rudi alasiri, kuanzia saa kumi hivi, jua likiwa upande wa bara, nalo litakuangukia usoni huku bahari ikibaki nyuma na rangi yake yote.

Na kama uso unaonekana lakini macho yamekuwa mashimo, umepigwa picha adhuhuri. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Saa sita na kitu jua huwa karibu utosini, na mwezi wa Machi na wa Oktoba hufika utosini hasa, kiasi kwamba paji la uso linatia kivuli machoni. Hakuna nguo inayotibu hilo. Ingia kivulini.

Uso unang'aa kama umepakwa samli

Tofautisha kwanza mafuta na jasho. Bonyeza tishu kavu kwenye paji la uso na pua. Ikitoka na doa linalopitisha mwanga na lisilokauka, ni mafuta. Ikilowa kisha ikakauka, ni jasho.

Mafuta mara nyingi tumejipaka wenyewe. Mafuta ya nazi na ya mgando ni mazuri kwa ngozi, lakini chini ya taa kila tone huwa kioo kidogo. Siku ya kurekodi tumia losheni nyepesi saa moja kabla, iache iingie, kisha bonyeza tishu. Mwenye kipara afanye hivyo mpaka kisogoni, maana kichwa kilichonyolewa hurudisha mwanga kuliko sehemu yoyote ya mwili.

Jasho lina habari ndefu zaidi. Msimu wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, hewa yetu imejaa unyevu, na jasho halikauki upesi, linabaki juu ya ngozi. Kosa kubwa ni kufika dakika ya mwisho: mtu ameshuka kwenye tuktuk, amepanda ngazi, ameketi, taa zimewashwa. Mwili huendelea kutoa jasho kwa muda baada ya kutulia. Fika mapema, keti mbele ya feni bila koti kwa robo saa, mwagia maji baridi viganja vya mikono na shingo. Kahawa chungu na kitu cha pilipili viache hadi baadaye, kwa sababu vyote viwili hukupandisha joto. Ukifuta, bonyeza, usisugue. Kusugua huwasha ngozi na kuacha nyuzi za kitambaa kwenye ndevu.

Dawa ya kuzuia jasho kwapani ipakwe usiku kabla ya kulala. Chumvi za alumini zilizomo ndani yake huziba vinyweleo vizuri zaidi mwili ukiwa umetulia na mkavu. Kuipaka asubuhi ukiwa tayari umelowa ni kuipoteza.

Rangi ya shati nayo inaamua kama doa litaonekana. Kijivu na samawati hafifu husaliti kila tone. Nyeupe huficha, na buluu iliyokoza huficha zaidi. Pamba na kitani hupitisha hewa. Poliesta hushika joto, hata kama muuzaji amekuambia ni "kotoni" na inang'aa vizuri dukani.

Kisha kuna poda, ambayo wanaume wengi wanaiona ni ya wanawake. Sikubaliani nao. Tarehe 26 Septemba 1960, Richard Nixon na John F. Kennedy walikutana katika studio ya Chicago kwa mdahalo wa kwanza wa wagombea urais wa Marekani kuonyeshwa kwenye televisheni. Nixon alikuwa ametoka kuugua goti hospitalini na alikonda. Alikataa kupambwa na fundi, akapakwa tu poda ya dukani kuficha ndevu zilizoanza kuota. Jasho lilipomtoka, mamilioni waliliona likimeta kidevuni. Suti yake ya kijivu ilimezwa na ukuta wa kijivu nyuma yake. Mtu mwenye hoja nzito alionekana mgonjwa. Studio ikikupa poda, kubali. Inapakwa ili watu wasikie unachosema badala ya kutazama jasho.

Uso umepauka, kama umepakwa majivu

Hii ni kinyume cha ile ya juu, na mara nyingi ni matokeo ya kuitibu vibaya. Kama umepauka mdomoni, viwikoni na vifundoni pia, ngozi imekauka: rudisha losheni, na mdomo upake mafuta ya mgando kidogo sana kisha upunguze kwa tishu. Kama ni uso tu uliopauka, ni poda isiyolingana na ngozi yako. Hata ile inayoitwa haina rangi hugeuka nyeupe mwanga mkali wa kamera unapopigwa. Krimu za kukinga jua zenye zinki au titani nazo huacha utando mweupe. Ijaribu poda kwa kujipiga picha yenye mwanga huo kabla ya siku yenyewe, na uiangalie mpaka shingoni, kwa sababu uso na shingo zenye rangi mbili huonekana upesi.

Mistari inatambaa

Shati limetulia lakini kwenye video linacheza, linatoa mawimbi na hata rangi za upinde wa mvua. Kihisi cha kamera kina vidoa vilivyopangwa kwa safu, na kitambaa chenye mistari myembamba kina safu zake. Safu hizo mbili zikikaribiana kwa ukubwa zinagongana na kuzaa mawimbi ambayo hayamo kwenye nguo. Sogeza simu karibu au mbali hatua moja. Mawimbi yakibadilika au yakitoweka, mkosaji ni shati.

Ikiwa mistari ni mipana, inapita polepole juu ya picha nzima, na iko ukutani pia, shati limesingiziwa. Hiyo ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara mbili kwa kila mzunguko, jumla mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa kwa hezi 60 hushindwa kwenda nazo sambamba. Chagua picha 25 kwa sekunde kama simu yako inaruhusu, au badilisha taa, au rekodi kwa mwanga wa mchana.

Kwa nguo, kanuni yangu ni kwamba mstari unaoweza kuuhesabu ukiwa umesimama mita tatu hautakusumbua. Vikoi vya Barabara ya Biashara vyenye kanda pana ni salama na vinapendeza mno kwenye picha. Mashati ya ofisi yenye mistari kama nyuzi, koti lililofumwa kwa miraba midogo, viache kabatini. Kofia ya vito, kwa wingi wa vitundu vyake, inaweza kutetemeka ikichukuliwa kutoka mbali; kwa karibu hutoka na uzuri wake wote, kwa hiyo mwombe mpiga picha asogee.

Kikoi kinaonekana ndani ya kanzu

Kioo cha nyumbani hakitakuambia hili. Taa kali au jua la nyuma hupenya kanzu nyepesi, na kanda za kikoi, mpaka wa singlendi, hata simu mfukoni, vyote hujitokeza. Kasoro hii inawavunjia heshima watu wazima wenye kujistahi, na inaepukika kwa urahisi. Vaa shuka nyeupe isiyo na kanda chini, na fulana ya mikono badala ya singlendi, kwa kuwa singlendi huchora mistari mabegani. Mfukoni pasiwe na kitu. Kujipima, simama mlangoni jua likiwa nyuma yako, na mtu wa nyumbani akutazame kutoka ndani.

Ukiketi, kanzu hukusanyika tumboni na kupanda juu ya miguu. Ivute nyuma kabla ya kuketi, kisha ivute mbele hadi magotini ukiwa umeketi. Mwenye suti afungue kifungo na akalie ncha ya nyuma ya koti. Mabega yatashuka na kola haitapanda masikioni.

Ndevu na nywele

Vipele shingoni vilivyovimba baada ya kunyoa hutokana na nywele zetu za kujikunja: zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha hupinda na kurudi ndani. Taa ya pembeni huvipa kila kipele kivuli chake. Usiku wa kuamkia kurekodi umechelewa kuvitibu. Acha wembe siku chache kabla, tumia mashine inayobakisha nywele fupi kidogo. Ukilazimika kunyoa kwa wembe, lowesha kwanza kwa maji ya uvuguvugu, fuata nywele zinakolala, na usiivute ngozi. Shabu husaidia kukaza ngozi na kuzuia damu kwa mkato mdogo. Haitibu kipele kilichokwisha ota.

Kwa kinyozi nenda siku mbili au tatu kabla. Mkato wa siku hiyo hiyo huacha ngozi nyekundu au iliyokwaruzwa kwenye mstari wa nywele. Na mwambie asikutie rangi nyeusi kwenye mstari huo. Barabarani hupendeza, lakini kamera huionyesha kama imechorwa kwa kalamu, na jasho huishusha kwenye paji la uso. Ndevu za hina hutoka na rangi ya chungwa zaidi kuliko unavyoziona kiooni. Hilo si kosa. Mpiga picha apime rangi kwa ngozi yako, si kwa ndevu.

Ngozi ina kijani, au ina buluu

Angalia juu. Ukiwa chini ya turubai la buluu la harusi au hema la kijani, kitambaa hicho huchuja mwanga na kuumwaga kichwani mwako. Sogea ukingoni. Ndani ya nyumba, zima taa za aina moja ubaki na aina nyingine, au na dirisha peke yake, kwani kamera haiwezi kusawazisha mianga miwili yenye rangi tofauti. Na ukialikwa studio yenye pazia la kijani, usivae chochote cha kijani, hata darizi ya kofia: kompyuta huondoa rangi hiyo na kuweka picha nyingine, na kifua chako kitageuka kuwa mandhari.

Pua imekuwa kubwa

Simu iko karibu mno, na iko chini. Iweke umbali wa mita moja na nusu, usawa wa macho, kisha ikuze picha kidogo ikibidi. Hakuna zaidi.

Picha nzima ina ukungu

Umetoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi. Lenzi ni baridi, hewa ya nje ina unyevu, na unyevu huo unageuka matone ya maji juu ya kioo kama kwenye chupa ya soda baridi. Kuifuta hakusaidii, hurudi. Funga kamera ndani ya mkoba uliofungwa, uuache nje kivulini kwa dakika ishirini kabla ya kuufungua. Miwani hufanya vivyo hivyo.

Miwani pia huakisi taa. Inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo vitazame chini, au taa ipandishwe juu na pembeni. Ile inayogeuka nyeusi juani haifai kwa mahojiano ya nje: baada ya dakika moja macho yako hayaonekani, na mtu asiyeonekana macho ni vigumu kuaminiwa.

Kuna mkwaruzo kwenye sauti

Watu hulaumu maiki, kumbe ni kitambaa. Poliesta na wanga mwingi wa kupigia pasi hutoa mlio kila unapopumua. Kanzu isiyo na kola haina pa kubana maiki isipokuwa kwenye mpasuo wa shingo, na hapo shada la kanzu ya Kiomani huigonga kila ukigeuka. Liingize shada ndani au lipeleke upande wa pili. Ukivaa koti juu, bana maiki kwenye ukingo wa koti, shubiri moja chini ya kidevu, na ufanye kitanzi kidogo cha waya nyuma yake ili mvuto usifike kwenye maiki. Msimu wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, upepo wa baharini hupiga kwa nguvu ufukweni. Weka kifuniko cha manyoya kwenye maiki, na ugeuke mpaka mgongo wako uukinge upepo.